Moteri za mulini Kapolowe: kuran iko karibu, verni inakauka kwa makala

Mulini wa mahindi ukinyamaza Kapolowe, watu wanafikiri kwanza kuran imekatika. Mara nyingine kuran imerudi, ila imerudi vibaya: fazi moja inakosekana, moteri inavuta kwa mbili zilizobaki, inapata joto na kuungua. Mwenye mulini anaipeleka Likasi kwa fundi wa bobinaji. Wamama wenye mabeseni wanabaki na mahindi yao.

Fundi anatoa waya za zamani, anazungusha waya mpya wa shaba, anatumbukiza yote katika verni. Halafu inabaki sehemu ambayo mteja haioni, nayo ni kuoka. Verni nyingi za moteri zinataka furu ya digri 130 hadi 150 hivi, kwa saa kadhaa, ili zishike waya na kuziba kila tundu. Kuran ya saa hizo ni feza, na ikikatika katikati, furu inapoa na kazi inaharibika. Ndiyo maana moteri nyingine inaanikwa juani au inawekwa juu ya mbabula ya makala. Inatoka inang'aa, kumbe ndani verni ni mbichi.

Huo ni ubahili unaolipwa na mtu mwingine. Wenye kazi ya umeme wana kipimo cha zamani: moteri ikizidisha joto lake kwa digri 10, maisha ya izolasioni, ile ngozi inayozuia waya zisigusane, yanapungua nusu. Kuchoma waya za zamani kwa moto mkali ni hatari pia. Mabati membamba ya ndani yanaharibika, na tangu siku hiyo moteri inakula kuran zaidi kwa kusaga kilo zile zile. Hasara hiyo inaishia kwenye bei ya kusagisha.

Na kuran haitoki mbali. Bwawa la Mwadingusha, juu ya Lufira, linafanya kazi tangu 1930. Ndilo lililozaa ziwa Tshangalele. Mashini zake zilitengenezwa upya hadi 2021 kwa feza za mgodi wa Kamoa-Kakula, ili zitoe karibu megawati 78. Hakuna anayeoka moteri za mgodi juu ya mbabula.

SNEL inaweza kuwapa mafundi wa Likasi saa chache za usiku zenye fazi tatu kamili, zilizotangazwa mapema. Mafundi nao wakusanye moteri tano au sita katika furu moja, wagawane gharama. Na mwenye mulini, kabla ya kulipa, aulize: imeokwa saa ngapi, kwa digri ngapi?