Fundi Anapokosa Kazi: Haki Isiyomfikia Kila Mmoja

Kila tarehe 1 Mei Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Papa Pio XII mwaka 1955. Yosefu alikuwa seremala, mtu wa ujuzi, aliyeitunza Familia Takatifu kwa kazi ya mikono yake. Sikukuu hiyo yatualika kuwatazama mafundi wa siku zetu na kujiuliza: kazi inapokoma, familia zao huishije?

Nchini Tanzania sheria ina jibu, ingawa halimfikii kila fundi. Tangu mageuzi ya mwaka 2018, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hutoa fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Tuseme fundi umeme wa kiwandani alikuwa akipokea shilingi 600,000 kwa mwezi. Atapata takribani shilingi 200,000 kila mwezi huku akitafuta kazi nyingine. Si nyingi, lakini zaweza kulipa kodi ya chumba na kununua unga.

Sasa tumtazame mwenzake, fundi mwashi aliyehitimu chuo kilekile cha ufundi. Yeye hufanya kazi kwa makubaliano ya mdomo na kulipwa kwa siku. Nyumba ikikamilika, kipato nacho kimekoma. Hana barua ya ajira wala mwajiri anayemchangia. Anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari na kujiwekea akiba, nalo ni jambo jema. Lakini fao la kukosa ajira limejengwa juu ya ajira inayotambulika. Mafundi hawa wawili hawapishani kwa ujuzi wala bidii. Kinachowatenganisha ni mkataba.

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayalioni jambo hili kuwa suala la huruma tu. Mwaka 1963, katika waraka Pacem in Terris, Mtakatifu Yohane XXIII aliyataja matunzo wakati wa kukosa kazi miongoni mwa haki za binadamu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kumsaidia asiye na kazi ni wajibu unaotokana na haki ya kuishi, na kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya wote.

Ni kweli kwamba mtu anayejijengea vyumba viwili kidogo kidogo hawezi kuendesha ofisi ya makato. Lakini mkandarasi mwenye miradi ya miezi mingi anaweza, na taasisi zinaweza. Hapa hatuna budi kujihoji sisi wenyewe, maana parokia na vigango vyetu vimejengwa na mikono ya mafundi. Kamati ya ujenzi inapomchagua mkandarasi, je, huuliza kama wafanyakazi wake wana mikataba, na kama michango yao hufikishwa kwenye Mfuko? Au bei ya chini hutupendeza, tusiulize imepunguzwa kutoka mfukoni mwa nani?

Nawe fundi uliyeajiriwa, dai mkataba wa maandishi, fuatilia taarifa ya michango yako mara kwa mara, na ajira ikisitishwa, itunze barua ya kusitishwa.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba aliwakuta watu wamesimama sokoni hata saa kumi na moja, kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu. Aliwapa kazi, na jioni akawalipa kiasi kinachotosha kwa siku. Mafundi wangali wamesimama vijiweni mwetu. Tuanzie kwenye ujenzi wa parokia zetu wenyewe.