Mbolea ya ruzuku: taarifa zako ziko wapi, na nani anaweza kuzirekebisha?

Chukua mfano wa mkulima wa Nyandira, kule juu Mgeta. Masika inakaribia, shamba limeshatayarishwa na fedha ya mbolea imepatikana. Anafika kwa wakala na kutaja namba yake ya mkulima. Wakala anatazama simu, kisha anasema: "Mzee wangu, hapa unaonekana una nusu eka, na mgao wako umekwisha." Mkulima analima eka mbili. Anabisha, lakini wakala anamwambia hana uwezo wa kubadili kitu. Anakwenda ofisi ya kijiji. Huko anaambiwa mtandao hakuna, arudi kesho.

Msimu wa mbolea ukifika, malalamiko ya namna hii husikika, na lawama nyingi huangukia mtandao au wakala. Katika makala hii tunaeleza kwa nini mara nyingi tatizo liko kwingine: taarifa za mkulima zinakaa mbali naye, na si kila anayeziona ana ruhusa ya kuzigusa.

Kutoka daftari hadi mfumo

Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda sana duniani. Kwa msimu wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliwekewa bei ya shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa, wakati bei bila ruzuku ilizidi 100,000.

Ili ruzuku imfikie mlengwa, wakulima waliandikishwa kupitia serikali za vijiji na mitaa, na majina yao yakaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Kila mkulima akapata namba yake. Nyuma ya namba hiyo upo ukurasa wake: jina, kijiji, namba ya simu, mazao na ukubwa wa shamba. Kiasi cha mbolea anachoweza kununua kwa bei ya ruzuku hutegemea kilichoandikwa humo.

Wakala hana ukurasa huo ndani ya simu yake. Hata kompyuta ya ofisi haiuhifadhi. Vifaa hivyo ni kama dirisha tu la kuchungulia.

Kama salio la simu

Jambo hili tunalijua tayari kwa njia nyingine. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, tumezoea kwamba fedha haimo ndani ya simu. Simu ikitumbukia mtoni, unarudisha laini yako kwenye simu nyingine na salio unalikuta. Fedha iliandikwa kwenye kompyuta kubwa ya kampuni, ile inayoitwa seva, na simu ilikuwa njia ya kuifikia.

Zipo ofisi zilizokwenda mbali zaidi. Mfanyakazi anakaa mbele ya kioo chochote, anaingiza jina lake na nenosiri, na kompyuta yake nzima inafunguka kutoka kwenye seva: mafaili yake, lugha aliyoichagua, hata mpangilio wa kioo. Akihamia chumba kingine au mji mwingine, vyote vinamfuata. Kifaa kikiibwa, kazi yake haipotei.

Kwa watu wa milimani faida yake ni kubwa. Daftari la kijiji likiloa au kuliwa na mchwa, orodha yote imekwenda. Ukurasa ulio kwenye seva unaweza kufunguliwa Kinole, Matombo au Morogoro mjini, na unasoma vilevile. Ila na kosa nalo linasoma vilevile kila mahali. Afisa akikosea tarakimu moja wakati wa kuandikisha, kosa hilo litamfuata mkulima kwa kila wakala atakayemwendea.

Mlango mmoja, funguo tofauti

Katika mifumo ya namna hii kila mtumiaji hupewa ruhusa zake. Mmoja anaweza kusoma tu. Mwingine anaweza kuandika mauzo. Wa tatu anaweza kurekebisha taarifa za kijiji au kata yake peke yake, na wa juu zaidi anaweza kufungua na kufunga akaunti za wengine. Wote wanaingia kwa mlango mmoja, lakini funguo zao hazifanani.

Mkulima aliyezuiwa dukani huona huu kuwa urasimu. Lakini tuutazame upande wa pili. Kama kila wakala angeweza kubadili ukubwa wa shamba lako, angeweza kuandika eka kumi, kuchukua mbolea kwa jina lako na kuiuza kwa bei ya soko. Wewe ungeambiwa mgao wako umekwisha bila kuona hata punje. Kumnyima wakala ufunguo wa kurekebisha ni kukulinda wewe.

Kwa maoni yetu, ulinzi huo una maana pale tu mwenye ufunguo anapofikika. Daftari lilikuwa na udhaifu mwingi, lakini mkulima aliliona kwa macho yake, akaonyesha mstari wake kwa kidole na kusema, "Hapa mmekosea." Leo hauoni ukurasa wake mpaka aliye na kifaa amsomee. Mfumo umeivusha taarifa juu ya mlima kwa dakika moja, lakini mtu anayetaka marekebisho bado anateremka kwa miguu au kwa bodaboda.

Kuna na suala la watumishi kuhama. Afisa akihamishwa kutoka Matombo, iliyo Wilaya ya Morogoro, kwenda Mgeta, iliyo Wilaya ya Mvomero, ruhusa yake ya Matombo inapaswa kufungwa na mrithi wake afunguliwe akaunti yake mwenyewe. Mrithi akicheleweshewa akaunti, kijiji kinabaki na ofisi iliyo wazi isiyo na ufunguo. Na anayeazima nenosiri la mwenzake ili kazi iende analeta hatari nyingine, kwa sababu kila badiliko litaonekana limefanywa na mtu ambaye hayupo. Likitokea jambo, ukweli hautajulikana kirahisi.

Jina moja, familia nzima

Ukurasa wa mkulima una jina moja, lakini shamba lina watu wengi. Kwa desturi ya Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi nyingi milimani ni ya ukoo. Mume anaweza kulima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe na akaandikishwa yeye. Wakitengana, au akifariki, ardhi inabaki kwa ukoo huku namba ya mkulima ikibaki na jina la asiyekuwepo. Mfumo haujui habari za ukoo. Unajua kilichoandikwa tu.

Namba ya simu nayo si jambo dogo, kwani ujumbe wa usajili huja kwa simu. Ukiiacha laini kwa muda mrefu, kampuni inaweza kuifunga na baadaye kuiuza kwa mtu mwingine. Kama ukurasa wako bado una laini ya zamani, habari zako zitamfikia mgeni. Wapo pia wanaoandikisha namba ya mtoto au jirani kwa kukosa simu. Hapo mwenye simu ndiye wa kwanza kujua habari zako, na pengine ni yeye peke yake.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi, na haki ya kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa hiyo mkulima anayesema "nisomee kilichoandikwa kuhusu mimi" haombi fadhila. Anadai haki yake.

Ya kufanya kabla ya mvua

Kwanza, usisubiri siku ya kununua mbolea. Nenda ofisi ya kijiji mapema uhuishe taarifa zako. Omba usomewe kwa sauti jina, namba ya simu, mazao na idadi ya eka.

Pili, ukikuta kosa, uliza maswali mawili: nani mwenye ruhusa ya kulirekebisha, na lini? Andika jina la afisa na tarehe. Jibu la "mtandao hakuna" linaeleza leo tu. Halielezi wiki mbili.

Tatu, hakikisha laini iliyoandikwa ni yako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Nne, usimwachie wakala wala jirani namba yako ya mkulima aitumie bila wewe kuwepo. Ukipata ujumbe wa simu wa kitapeli, utume kwenda 15040.

Tano, kama mwenye jina amefariki au familia imegawana shamba, toeni taarifa kijijini mapema ili aliyebaki na jembe aandikishwe.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Siku moja kabla ya kila msimu, afisa mwenye ruhusa ya kurekebisha anaweza kukaa kijijini, mahali penye mtandao, akamsomea kila mkulima ukurasa wake faraghani na kusahihisha papo hapo. Hilo halihitaji mfumo mpya. Linamhitaji mwenye ufunguo apande mlima mara moja, ili mamia ya wakulima wasilazimike kuushuka.