Kompyuta Kuukuu si Takataka, na Kazi ya Fundi si ya Bure



Katika matawi yetu mengi ya magharibi ya Uganda, kutoka mashamba ya chai ya Bushenyi mpaka viwanda vya maziwa vya Mbarara, na huko Rugaaga, wilaya ya Isingiro, ambako makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamefika, kuna jambo moja linalofanana. Ndani ya kabati la katibu mna kompyuta mpakato iliyozeeka. Ilitolewa na ofisi fulani iliponunua mpya, ikapita mikono mitatu minne, na leo inachukua robo saa kuamka. Mlango wa kutilia diski ya CD ulikwisha vunjika. Flashi ikichomekwa, mashine haikubali kuanza nayo. Katibu anasema mashine imekufa, na mweka hazina anasema tuchange tununue nyingine. Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Wako watakaouliza, jambo hili lina uhusiano gani na chama cha wafanyakazi? Si ni kazi ya mafundi? Tunajibu kwamba ndani ya kompyuta ile mna daftari la wanachama, michango yao, kilo za majani zilizopimwa kila siku, majina ya walioumia kazini, na nakala za barua tulizomwandikia mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya maandishi ya mshahara wake na makato yake. Sheria ya NSSF inamtaka mwajiri akate asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi, aongeze asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na kupeleka zote katika mfuko. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 wajibu huo ni wa kila mwajiri, awe na wafanyakazi mia au mmoja.

Lakini haki isiyo na kumbukumbu ni kama kisu kisicho na mpini. Siku ya shauri mbele ya Afisa wa Kazi, mwajiri huja na karani, mafaili na mahesabu yaliyopigwa chapa. Sisi tukija na maneno matupu kwa sababu kompyuta iligoma, mwenye kuumia ni mama aliyechuma chai miaka 20 na hawezi kuonyesha mwezi gani mchango wake haukupelekwa. Ndiyo maana tunasema chombo hiki ni cha mapambano, sawa na muhuri wa tawi.

Sasa tatizo liko wapi? Kila kompyuta ina mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuzigawia kazi programu nyingine, kama nyapara anavyogawa kazi asubuhi. Kompyuta nyingi tulizo nazo zinatumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuutunza mfumo huo kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai kifaa maalumu cha usalama na bongo za kompyuta za miaka ya karibuni, hivyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi hazikubaliwi. Mashine inaweza kuwa nzima, kibodi chake kizima na kioo chake kizima, lakini imehukumiwa kuwa takataka. Na aliyetoa hukumu si mwenye kuitumia.

Njia ambayo wengi wetu huikimbilia ni duka la mjini. Fundi anatia nakala ya wizi, anaifungua kwa programu ya kuvunja kufuli, na kazi imekwisha. Tunaionya njia hii. Kwanza, Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta pia, na chama kinachomdai mwajiri aheshimu sheria hakiwezi kuivunja ofisini kwake. Pili, programu hizo za kuvunja kufuli mara nyingi hubeba virusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila mwenye kukusanya habari za watu azitunze kwa usalama. Orodha ya wanachama wetu ikivuja na kufika mahali pasipostahili, wako watakaopoteza kazi.

Ndugu, iko njia nyingine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mpango wa kuandika mfumo ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland, alitoa kiini kinachoitwa Linux. Watu wa nchi nyingi waliiunganisha kazi hiyo, na leo iko mifumo mingi ya namna hiyo: Debian iliyoanza mwaka 1993, Ubuntu iliyoanza mwaka 2004, Linux Mint na mingineyo. Jina la Ubuntu halihitaji mkalimani hapa kwetu. Mnyankole husema obuntu, nasi twasema utu. Hata Kiswahili kimekwisha ingia humo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu yenye maagizo ya Kiswahili. Programu za namna hii huitwa programu huria. Hazina kodi ya kila mwaka, na hakuna kampuni inayoweza kuzizima kutoka mbali.

"Vizuri," atasema katibu, "lakini nitautiaje mfumo mpya ikiwa mlango wa CD umevunjika na mashine inakataa kuanza kwa flashi?" Swali hili ni la haki. Ziko njia tatu ambazo mafundi huzitumia. Tunazieleza kwa kifupi ili kila tawi lijue kinachofanyika, lisidanganywe.

Kabla ya njia yoyote, nakilini kumbukumbu zote mahali pengine, mara mbili. Flashi inayokataa kuamsha mashine mara nyingi bado inakubali kubeba mafaili. Asiyefanya hivi asianze.

Njia ya kwanza ni kupitia mlango wa ndani. Ikiwa mfumo wa zamani bado unaamka, hata kwa taabu, faili la mfumo mpya huletwa kwa flashi ya kawaida na kuwekwa katika diski ya ndani. Diski hupunguzwa na kugawanywa kama shamba linavyopimwa viwanja: kiwanja kimoja hubaki na mfumo wa zamani pamoja na lile faili, kingine huachwa wazi. Kisha programu ndogo, kama UNetbootin kwa mashine za zamani, huongeza jina jipya katika orodha ya kuanzia. Mashine ikizimwa na kuwashwa, unachagua jina hilo, na mfumo mpya unajipanda katika kile kiwanja kilicho wazi. Hatari ni moja: asiamriwe kufuta diski nzima, maana atakuwa anakata tawi alilolikalia. Mfumo mpya ukishasimama vizuri ndipo ule wa zamani huondolewa.

Njia ya pili ni kebo ya mtandao. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi zina uwezo wa kuanza kwa kupokea mfumo kutoka mashine jirani. Uwezo huo huitwa PXE, na huwashwa katika ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla mfumo haujaamka. Mashine ya pili, iliyo nzima, hutiwa programu ya kugawa mafaili, na kebo moja huziunganisha. Hapa intaneti si lazima ikiwa mafaili yote yamekwisha hifadhiwa, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mtu wa Rugaaga anayenunua data kidogokidogo. Ila kazi hii ifanywe kati ya mashine mbili peke yake. Asichomeke mtu kebo hiyo katika mtandao wa kiwanda, kwani mashine inayogawa itawavurugia wengine, na mwajiri atapata kisingizio.

Njia ya tatu inahitaji bisibisi. Diski ya mashine mbovu hutolewa na kutiwa katika mashine nyingine nzima, ambayo diski yake imetolewa kwanza ili isije ikafutwa kwa bahati mbaya. Mfumo mpya hutiwa humo, kisha diski hurudishwa kwake. Mfumo wa Linux kwa kawaida huvumilia kuhamishwa hivi, kwa kuwa hubeba ndani yake viendeshi vya vifaa vingi na hutambua vilivyopo kila unapoamka. Sharti ni kwamba mashine zote mbili ziwe na namna moja ya kuanzia, ya kale au mpya. Njia hii husaidia hata pale ambapo mashine haiamki kabisa kwa sababu mfumo wake umeharibika.

Hatuahidi miujiza. Mashine yenye kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 1 haitafanya kazi ya gigabaiti 8, na yafaa ipewe mfumo mwepesi kama antiX. Zile kongwe sana, za biti 32, zimebanwa hata katika programu huria: Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuwa ya mwisho kutoa kisakinishi chake kwa ajili yao, na Debian 13 ya Agosti 2025 haikuwatolea. Mafaili ya Excel anayoleta mwajiri hufunguka katika LibreOffice, ila yale yenye hesabu za kujiendesha yenyewe huweza kugoma, na baadhi ya mashine za kuchapia huleta ukaidi. Tawi litahitaji wiki chache za kuzoea. Lakini mtu aliyejifunza mashine ya kukamulia au mizani ya kiwandani hawezi kushindwa na orodha mpya katika kioo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike. Nakivale, iliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ina watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Miongoni mwao wako vijana waliosoma ufundi wa kompyuta kwao, au waliojifunza kambini kwa mashine chakavu za msaada, zisizo na chaja wala mlango wa CD. Shida imewafundisha njia hizi tatu kuliko darasa lolote. Matawi yetu yamekwisha anza kuwaita. Na hapo tumeona jambo la kusikitisha: kijana anafanya kazi siku nzima, mashine inaamka, viongozi wanapiga makofi, na malipo yake ni soda na neno asante. Akiuliza ujira, anaambiwa, "Si ulisema mwenyewe programu hii ni ya bure?"

Ndugu zetu, tutofautishe mambo. Programu ni huria. Kazi ya mikono na akili ya fundi si ya bure. Maji ya mto ni ya bure, lakini aliyeyabeba kichwani mpaka nyumbani kwako amefanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi aliyepokelewa kuwa na haki ya kutafuta kazi. Chama kinachomlipa fundi chini ya wenzake kwa kuwa ni mkimbizi kinafanya yaleyale tunayomlaumu mwenye shamba anayewatumia maskini wapya kushusha ujira wa wa zamani. Leo fundi wa Nakivale akilipwa soda, kesho fundi wa Mbarara ataambiwa naye apokee soda. Ujira wa mmoja ukianguka, huwaangukia wote.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa matawi yote. Kwanza, kompyuta kuukuu isiuzwe wala kutupwa kabla fundi hajaikagua na kumbukumbu zake hazijanakiliwa. Pili, fedha iliyokusudiwa kununua mashine mpya itumike kwanza kurekebisha ya zamani, na sehemu yake iwe ujira wa fundi, uliopatanwa kabla ya kazi na kuandikwa katika kitabu cha fedha. Tatu, fundi akija, wakae naye wanachama wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wajifunze, ili tawi lisiwe mateka wa mtu mmoja. Nne, tawi lililokwisha pata mafaili ya mfumo huria liyapeleke kwa tawi jirani, maana kugawana hapa ni halali kabisa.

Wafanyakazi wamejenga viwanda wasivyovimiliki na kupanda chai wasiyoiuza. Angalau daftari la haki zetu likae katika mashine inayotutii sisi, na aliyeifufua alipwe jasho lake.

Umoja ni nguvu.