Koti Jeupe Halina Digrii



Swali la leo ni rahisi. Uko hospitalini, foleni ndefu, mtoto ana homa. Mlango unafunguka, wanatoka watu wawili. Mmoja ni mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, tai shingoni. Mwengine ni msichana wa hijabu. Utamkimbilia nani useme "daktari, nisaidie"?

Jibu kwa ukweli wako. Wengi wetu tungeenda kwa mwenye tai, na yule msichana tungemwita "sista". Kumbe daktari ni yeye, na mwenye tai ametumwa na kampuni kuja kuuza dawa.

Sasa usidhani ni wagonjwa peke yao wanaohukumu kwa macho. Wanafunzi wa udaktari nao wanafanya hivyo, tena kwao ndiko kubaya zaidi, kwa sababu wao ndio madaktari wa kesho. Darasani wanafundishwa mwili wa binadamu, dawa na maadili. Wadini, wakiwa wanamfuata daktari bingwa kitanda kwa kitanda, wanafundishwa na macho yao. Wanaona nani akizungumza watu wananyamaza. Wanaona nani anakatizwa maneno, na nani lazima ajitambulishe mara tatu ndipo aaminike. Hakuna mwalimu aliyeandika somo hilo ubaoni, lakini linaingia. Wataalamu wa elimu wameliita mtaala uliofichika.

Mwanafunzi anatoka hapo na picha kichwani ya "daktari kamili". Anayefanana na ile picha anatembea kifua mbele. Asiyefanana anaanza kujipunguza: anasimama nyuma ya kundi, jibu analo lakini halisemi. Mwisho wa mwaka anaambiwa hajiamini. Na mgonjwa naye amepoteza, maana jibu sahihi lilikuwa pale nyuma, limenyamaza.

Lakini hebu tuulize, hiyo picha ilitoka wapi? Ukirudi karne ya 19, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakivaa makoti meusi. Koti jeupe waliliazima kutoka maabara mwishoni mwa karne hiyo, ili waonekane watu wa sayansi na usafi. Mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Columbia kule New York kilianzisha sherehe ya kuwavisha wanafunzi wapya koti hilo kwa heshima kubwa, na vyuo vingi vikaiga. Haikupita miaka 15, Uingereza ikageuka. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba hospitali za England zifuate utaratibu wa mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka chini. Mikono mirefu, saa, hata lile koti jeupe la zamani, vyote viwekwe kando kwa kuogopa viini. Yaani vazi lililokuwa alama ya usafi sasa linashukiwa kwa uchafu! Mavazi yanabadilika maana. Ujuzi wa kumtibu mtu ndio unaobaki.

Utaratibu ule wa England uliwagusa dada zetu Waislamu, wanafunzi na madaktari, ambao hawakutaka kuacha mikono wazi. Mwaka 2010 mwongozo ukarekebishwa: wanaweza kuvaa mikono ya kutumia mara moja na kutupa. Kisha Disemba 2019, hospitali ya Royal Derby ikaanza kutoa hijabu safi za kutumia mara moja kwenye chumba cha upasuaji. Wazo lilikuwa la daktari kijana, Farah Roslan. Wakati wa mafunzo yake, hijabu aliyoshinda nayo siku nzima ilileta wasiwasi wa maambukizi.

Angalia alivyofanya. Hakubishana kwamba viini si kitu, wala hakuiacha stara yake. Alitenganisha maswali mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Je, vazi hili linamdhuru mgonjwa? Au ni macho ya watu tu hayajalizoea? La kwanza linatafutiwa dawa. La pili ni ubaguzi, na linaitwa kwa jina lake.

Hapa kwetu Kenya, sheria iko wazi. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi na imetaja mavazi kwa jina. Ibara ya 32 inasema mtu asizuiliwe taasisi, kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Ukiambiwa "hapa haturuhusu hivyo", uliza kwa adabu: kanuni hiyo imeandikwa wapi, na inamlinda nani?

Ila haki ina pande mbili. Ikiwa barakoa ya N95 haishiki vizuri usoni kwa sababu ya ndevu, hilo ni suala la uhai. Omba kifaa cha aina nyengine kinachofunika kichwa chote, na mpaka kipatikane usiingie kwa mgonjwa wa TB kwa ubishi.

Na tujisute wenyewe pia. Sisi tunaolalamika kudharauliwa kwa hijabu, ndio hao hao tunaonunua dawa ya "kutibu maradhi yote" kwa sababu muuzaji ana kanzu safi na ndevu ndefu. Matapeli wamekamatwa nchini wakiwa na makoti meupe na stethoskopu. Kanzu haitibu, koti halitibu. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya wenye leseni. Itazame kabla ya kutoa pesa.

Kwa hivyo, dada uliye chuo cha udaktari, songa mbele ya kundi na useme jibu lako. Ndugu uliye naye darasani, mwenzio akikatizwa, sema "mwacheni amalize". Nanyi mlio wagonjwa, msibahatishe cheo kwa nguo. Uliza, "Samahani, wewe ni nani katika matibabu yangu?" Kisha mwite kwa cheo chake.

Siku wanafunzi watakapomsikia mama mzee wadini akimwita msichana wa hijabu "daktari" bila kusita, watakuwa wamepata somo ambalo hakuna kitabu kingewafundisha.