Gemu ya saa 70, na mwenzio yupo pembeni

Mwezi huu tuongelee kitu ambacho kimeleta kununiana kwenye nyumba nyingi za vijana: gemu. Na siongelei ile ya mpira, ambayo washikaji wanacheza dakika kumi, wanataniana, wanaagana. Naongelea zile ndefu za Kijapani, ambazo nusu ya muda unasoma hadithi kama kitabu, na nusu nyingine unazunguka kwenye majengo yenye ghorofa kibao ukipigana na mazimwi. Moja inaweza kula saa 70 hivi. Ukicheza saa mbili kila usiku, hiyo ni zaidi ya mwezi mzima. Sasa niambie, mwenzio atakuelewa?

Mimi nimeicheza Persona 4 Golden hapa hapa Nangwa, wilayani Hanang, kwenye ile baridi ya Juni na Julai ambayo ikifika saa mbili usiku hakuna mtu anayetaka kutoka nje. Kampuni ya Atlus iliitoa Persona 4 mwaka 2008 kwa ajili ya PlayStation 2, toleo la Golden likafuata mwaka 2012, na tangu 2020 inapatikana kwenye kompyuta. Mke wangu alikuwa pembeni, blanketi moja, chai moja.

Hadithi iko hivi. Kijana wa sekondari anatoka mjini kwenda kukaa mwaka mmoja kwa mjomba wake, kwenye mji mdogo wa mashambani unaoitwa Inaba. Mji wenyewe kila mtu anamjua mwenzake, duka kubwa limefunguliwa na maduka madogo yanakufa, na vijana wanaota kuhama. Usiku wa manane mvua ikinyesha, ukiitazama TV iliyozimwa unaona sura ya mtu. Kuna watu wanatumbukizwa ndani ya TV, na mvua ikipiga siku kadhaa mfululizo ukungu unashuka. Kama hujamwokoa mtu wako kabla ya ukungu, basi tena.

Sisi tunaoishi na mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, ukungu tunaujua. Na tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoua watu wengi Katesh na vijiji vya jirani, mvua ya usiku huku hatuisikilizi tena kwa raha. Ile hesabu ya siku za mvua kwenye gemu ilitubana roho kweli.

Tusidanganyane, kuna sehemu inachosha. Saa mbili tatu za mwanzo ni kusoma tu, huchezi kitu. Ukishaingia ndani ya TV, korido zinafanana, mapigano ni ya zamu, ngazi juu ya ngazi. Mke wangu alisinzia mara kibao. Lakini kila jengo lina mwenyewe. Yukiko, binti anayetegemewa kurithi nyumba ya wageni ya ukoo, yeye ana kasri, anasubiri mtu aje kumchukua. Kanji, mbabe anayeogopwa mtaani, anapenda kushona na anaogopa kuchekwa. Ghorofa ya mwisho mtu anakutana na kivuli chake kikisema hadharani yale anayoyaficha. Akikikana, kinageuka zimwi. Akikikubali, kinakuwa nguvu yake. Jamani, ni ndoa ngapi zingepona kwa somo hilo moja?

Kilichonishika zaidi ni kalenda. Hadithi inaanza Aprili na kwisha Machi mwaka unaofuata, siku baada ya siku. Ukitoka shule unachagua kitu kimoja: rafiki huyu au yule, au kwenda kupigana. Urafiki na kila mtu una ngazi kumi, na kupanda ni kutoa muda, hakuna njia ya mkato. Siku ikipita imepita.

Pale nyumbani kwa mjomba kuna mtoto mdogo, Nanako. Mama yake amefariki, baba yake ni mpelelezi wa polisi, kila siku kazini. Anamwahidi matembezi ya sikukuu za Mei, halafu kazi inaingilia. Hapo mke wangu, niliyedhani amelala, akasema, "Huyo ni baba yangu kabisa." Nikasimamisha gemu. Akanisimulia jinsi baba yake alivyokuwa dereva wa lori la ngano, kila Krismasi ahadi ya kwenda Babati, kila Krismasi lori limekwama njiani, naye mlangoni na gauni lake jipya. Miaka minne tuko pamoja, sijawahi kuisikia hiyo. Akamalizia, "Tukipata mtoto, usiahidi kama hutakuwepo." Hatukucheza tena usiku ule. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Na wale wenye wapenzi wawili watatu, gemu inakuruhusu. Ila ikifika Februari 14 unachagua mmoja, na wengine unawakatalia huku ukiwaona wanavyoumia. Siwataji, mnajijua!

Msimamo wangu ni huu: gemu hii inafundisha kwamba upendo ni muda, lakini inaufundisha kwa kukunyang'anya muda huo huo. Ukiicheza peke yako, umevaa vitu vya masikioni na mgongo umempa mwenzio, unapanda ngazi kumi na watu wa kwenye kioo huku nyumbani unashuka. Kwa hiyo icheze mkiwa wawili. Ukiicheza kwa Kiingereza, soma kwa sauti na umfafanulie. Majibu ya kuchagua, achague yeye. Mazimwi pigana nayo akiwa kazini au amelala. Na siku ya kwenye gemu ikiisha, hifadhi, zima, muulize yake ilikuwaje.

Kama hataki kabisa kusikia habari za gemu? Basi saa mbili zako ziwe moja, nyingine mpe yeye. Inaba itakusubiri, yeye anaweza asikusubiri.

Tukutane mwezi ujao, mpendane.