Kuvuka Njia Kuu ya Meli

Watu wengi hudhani kwamba bahari ni uwanja usio na barabara, na kwamba nahodha hupeleka chombo chake popote apendapo. Sivyo. Mlangobahari wa Dover, utenganishao Uingereza na Ufaransa, una upana wa kilomita 33 tu mahali palipo pembamba kabisa, nazo meli zaidi ya 400 hupita humo kila siku. Kwa sababu hiyo maji yake yamegawanywa kwenye ramani kuwa njia mbili. Meli ziendazo kusini-magharibi hushika upande wa Uingereza, na ziendazo kaskazini-mashariki hushika upande wa Ufaransa.

Utaratibu huo ulianza mwaka 1967, lakini siku hizo ulikuwa ushauri tu. Tarehe 11 Januari 1971, meli ya Peru iitwayo Paracas, iliyokuwa ikipita upande usio wake, iligongana na meli ya mafuta, Texaco Caribbean, nayo hiyo ya mafuta ikalipuka na kukatika vipande viwili. Kesho yake meli ya Ujerumani, Brandenburg, ikagonga mabaki yake ikazama. Mwezi Februari meli ya Ugiriki, Niki, ikapita palepale, ingawa palikuwa pamekwisha wekwa alama za hatari. Ikazama pamoja na watu wake wote 22. Misiba hiyo mitatu iliua watu 51. Tangu tarehe 15 Julai 1977, kuzifuata njia hizo kwa mwelekeo wake kumekuwa amri ya sheria ya kimataifa.

Lakini afisa wa zamu katika kivuko kitokacho Dover kwenda Calais hana njia ya kufuata. Kazi yake ni kuzikata zote mbili. Sheria humwagiza aelekeze omo ya chombo chake moja kwa moja ng'ambo, kama mtu avukaye barabara, hata kama mkondo wa maji unamsukuma kando. Faida ni mbili: hukaa njiani kwa muda mfupi, na meli nyingine humwona waziwazi kuwa ni mvukaji.

Usiku kazi huzidi ugumu. Kila meli huwasha taa nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Afisa akiona taa nyekundu kuliani kwake, hujua kwamba meli hiyo itampita mbele, na kwamba ni yeye apaswaye kuipisha. Kisha huitazama kwa dira. Ikiwa taa ile haihami mahali pake, nayo inazidi kukaribia, basi vyombo hivyo viwili vimo katika hatari ya kugongana.

Katika njia ya kwanza meli humjia kutoka kushoto, nazo ndizo zipaswazo kumpisha. Yeye hushika mwendo wake bila kuyumba, huku akikesha, maana huenda mwenzake amesinzia. Katika njia ya pili mambo hugeuka: meli humjia kutoka kulia, na wajibu wa kupisha ni wake. Hapo hageuzi usukani kidogo kidogo kwa kusitasita. Hugeuza mapema, tena kwa kiasi kikubwa, ili mwenzake auone uamuzi wake. Meli kubwa yenye shehena huhitaji kilomita kadhaa ili isimame. Aliyechelewa hawezi kuomba nafasi nyingine.

Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku atamfahamu mtu huyu. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi abiria hulala, wazazi wamewapakata watoto wao, wala hakuna ajuaye ni mara ngapi usukani uligeuzwa kwa ajili yao. Wa Niki waliwekewa alama zisiwafae. Alama haimwokoi mtu. Humwokoa yule aiangaliaye akaitii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na baharini guu hilo si la mmoja.