Redio ikikoroma saa ya habari, tuangalie kwanza taa na chaja zetu

Hapa Bunia na katika kambi za wahami zilizo kandokando ya mji, malalamiko ni yale yale: saa ya habari ikifika, redio inaanza kukoroma. Wengine wanasema redio yao imezeeka. Wengine wanasema kuna mtu anayeziba sauti makusudi ili raia wasijue kinachoendelea. Maneno hayo ya pili yanatembea haraka kuliko habari yenyewe, na kwa watu waliokwisha kukimbia vita, yanatosha kumfanya mama abebe watoto usiku na kuondoka bila sababu.

Mawazo yangu ni haya: kabla ya kushitaki mtu, tuangalie vyombo vyetu wenyewe. Mara nyingi makelele yanatoka kwenye ampuli ya bei rahisi, chaja ya simu, konvertisere, au ile regilatere inayosimamia umeme wa jua. Ndani yake umeme unakatwa na kurudishwa maelfu ya mara kwa sekunde moja. Chombo kizuri kina kichujio cha kuzuia makelele hayo yasitoke. Katika vile vya bei ya chini, mara nyingi kichujio hakimo, na waya wake unageuka antene inayotupa makelele kwenye redio iliyo karibu. Jioni inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ndiyo saa kila mtu anawasha taa. Na mahali sauti ya stesheni inafika dhaifu, nyuma ya kilima au bondeni, makelele madogo tu yanaifunika.

Kupima ni rahisi. Toa redio kwenye chaja, itumie kwa mawe yake. Tembea nayo hatua kumi nje. Sauti ikisafika, ujue shida iko nyumbani. Rudi ndani, zima chombo kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Weka redio mbali naye hata mita mbili au tatu, na simamisha antene yake yote. Simu nayo iweke mbali: ule mlio wa kukatakata unaosikika kabla simu haijalia unatoka kwenye simu yenyewe. Spika ndogo zenye FM mara nyingi zinatumia waya wa chaja kama antene. Ukiichaji wakati unasikiliza, unaingiza makelele moja kwa moja. Kama umefunga waya nje ili kukamata vizuri, usiupitishe karibu na nyaya za umeme, na uutoe kabla ya mvua ya radi.

Lakini kambini mtu hawezi kujisaidia peke yake. Kati ya familia na familia kuna bashi tu. Ampuli ya jirani iko mita moja na redio yako, na bashi haizuii makelele. Kwa hiyo jambo hili ni la ujirani. Ninapendekeza kila bloku ikubaliane dakika kumi na tano za habari, asubuhi na jioni, ambapo taa na chaja zenye makelele zinazimwa. Mwenye kibanda cha kuchaji simu asikae pale watu wanapokusanyika kusikiliza. Akisogea kidogo, hapotezi mteja.

Wako watakaosema: redio ya nini, habari ziko kwenye simu. Simu inataka megabaiti, na ni humo humo uvumi unarushwa bila mtu wa kuujibia. Tangu 2002 Radio Okapi inatangaza kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo, Tshiluba na Kifaransa, na redio zetu za hapa zinatangaza siku ya chanjo, mahali pa kugawia chakula, na barabara ipi si salama. Mwenye redio moja anasikilizisha familia kumi, bila kulipa kitu. Tangazo la chanjo likipotea katika makelele, anayelipa ni mtoto.

Neno la mwisho ni kwa wanaouza na wanaogawa taa za jua. Kabla ya kugawa, washeni redio kando ya taa moja, muisikilize. Ni kazi ya dakika moja. Taa inayofunika habari mmempa mhami kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Na wewe mnunuzi, ukienda sokoni, beba redio yako. Mwambie muuzaji awashe taa, na wewe washa redio. Ikikoroma, rudisha taa yake mezani na uende kwa mwingine. Wauzaji wataelewa haraka.